Kipimo cha Unyevu

Mvua za masika zilipokolea, mwanawe bibi alirudi kutoka kazini na kijidude cheupe kinachotoshana na kiberiti. Akakibandika ukutani sebuleni, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama, kama mtu aliyejenga nyumba nzima.

"Kinapima unyevu wa hewa ya ndani, mama," alisema. "Tumefika asilimia themanini na nne. Haifai kuzidi sitini."

Bibi, mama yake, alikuwa dobi. Kwa miaka thelathini na moja alifua mashuka ya hospitali, kwenye chumba chenye mvuke mzito hata humwoni usoni mtu aliyesimama mbele yako. Alipostaafu akahamia kwa huyu mwanawe wa kwanza, mwalimu wa udereva ambaye ndugu zake walimwita Profesa, kwa sababu hakuna jambo asilolijua na hakuna alilolifanya likakaa sawa. Bibi hakuhitaji kuambiwa na kiberiti kwamba nyumba ina unyevu. Chumvi ilikuwa imegeuka uji. Droo ya kabati haikufunguka mpaka uitie teke. Mto wake ulinuka kama tambara la kupigia deki.

Profesa akaanza kazi. Unyevu unatoka nje, alieleza, kwa hiyo dawa ni kuuzuia usiingie. Akafunga madirisha yote, akaziba nyufa kwa selotepu pana. Kisha nguo zilizofuliwa, kwa kuwa nje kunanyesha, akazianika kwenye kamba chumbani mwake, kutoka pembe hadi pembe.

Asubuhi iliyofuata alisoma namba wakati wa chai kwa sauti ya mtangazaji. Themanini na tisa.

"Na hizo nguo zako mbichi," bibi aliuliza, "zikikauka, maji yake yanakwenda wapi? Yanapanda basi?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Nimekuuliza yanakwenda wapi."

Mkewe Profesa, fundi cherehani na mtu wa maneno machache, aliinamia kikombe chake. Profesa akasema atasoma zaidi.

Alipoondoka, bibi alikunja mikono ya gauni. Akabandua selotepu, nayo ikatoka na rangi ya mbao, hakujali. Nguo akazihamishia kwenye baraza ya nyuma, chini ya paa, penye upepo. Mvua ilipokatika akafungua madirisha yanayotazamana ili hewa ipite, na sufuria zilizokuwa zikichemka jikoni akazifunika. Kisha yeye na mkwewe wakalivuta kabati la nguo lililokuwa limegandamizwa ukutani. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeota ukungu mweusi kama masizi, na ndani, koti la harusi la Profesa lilikuwa na manyoya meupe ya ukungu mabegani.

"Tulifute kabla hajarudi?" mkwe aliuliza.

"Liache."

Akakivisha kiti cha sebuleni koti hilo, likatazamana na mlango.

Profesa aliporudi alilikodolea macho muda mrefu. "Lilikuwa limeanza kunibana," alisema.

Siku ya nne kipimo kilishuka hadi sitini na mbili. Profesa alikigonga kwa ukucha, akatabasamu. "Unaona, mama? Nilikwambia kitasaidia."

Bibi alimtazama kwa jicho lile lile alilokuwa akilitazamia shati lililounguzwa na pasi.

Ushindi huo ulimlevya bibi. Kiangazi kilipoingia na upepo wake mkavu, droo ikawa inateleza yenyewe, mbao za mlango zikaachana, na kipimo kikasoma ishirini na sita. Mkwe akatundika taulo bichi chumbani kwa mtoto wao, akaweka na beseni la maji chini ya dirisha.

"Juzi mliyakimbia maji, leo mnayalaza na mtoto," bibi alisema. "Nyumba hii haina msimamo."

Kila asubuhi alilitoa taulo, akamwaga beseni, akafungua madirisha yote, vumbi likaingia litakavyo. Midomo yake mwenyewe ilipopasuka alipaka mafuta, akaendelea na madirisha yake.

Jumamosi moja mjukuu wake wa miaka saba alikuwa mezani akifanya hesabu, damu ikamdondoka puani juu ya daftari. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo. Mbili za kwanza bibi alisema ni kuchokonoa. Mama yake mtoto alimwinamisha mbele, akambana pua mpaka damu ikakata. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Mama, wakati wa mvua ulikuwa sahihi kuliko sisi wote. Sasa unakosea. Hewa ni kavu, inamkausha mtoto pua."

Mtoto alikuwa akimtazama bibi yake juu ya kitambaa chenye damu. Profesa alifungua kinywa ataje namba. Mkewe akamtupia jicho, naye akakifunga.

Bibi akainuka, akaenda nyuma, akaloweka taulo. Alilikamua kwa mikono yake ya hospitali mpaka lisitoe hata tone, akalitandaza juu ya kiti kando ya kitanda cha mtoto. Aibu ilikuwa inamchoma masikio.

"Mlikuwa mnalikamua ovyo," alisema aliporudi. "Lilikuwa linachuruzika sakafu nzima."

"Tutajifunza, mama," mkwe alisema, akamfungulia mtoto ukurasa safi wa daftari.