Zimwi la Tope la Jangwani

Badria alikuwa mwepesi wa kuona kinyaa tangu utotoni. Kupasua samaki hawezi, kuzibua sinki hawezi. Ndiyo maana mumewe, Shomari, alishangaa kusikia amejitolea kutengeneza kinyago cha zimwi.

Badria alikuwa fundi wa mavazi wa kikundi cha maigizo pale Ilala. Kiongozi wao, Mzee Kitwana, alizunguka Kariakoo nzima akitafuta kinyago cha mchezo wa watoto, akaambulia vya plastiki vinavyochekacheka. Badria alishaona kwenye simu jinsi vinavyoundwa, akasema kazi hiyo ataiweza.

Alitakiwa kutumia udongo safi wa mfinyanzi. Yeye, kwa kubana pesa, mvua zilipokatika akaenda kuchota tope bonde la Jangwani. Lilinuka mtaro. Alivaa glavu, akalifinyanga siku tatu huku uso kaugeuzia pembeni: pua pana, mdomo uliovimba, makunyanzi mashavuni. Minyoo aliyoiona aliitoa kwa kijiti. Kisha akaifunika sura ile kwa uji wa jipsamu, na ilipokauka akakwangua tope lote, akabaki na kalibu ya kumiminia mpira wa majimaji, ule utomvu unaoganda ukikauka.

Mpira huo, mweupe kama maziwa, ulikuwa na harufu ya mkojo uliolala. Mpangaji wa chumba cha pili alikuja kuuliza kwa adabu kama kuna mgonjwa.

Maelekezo yalisema akishaumimina asubiri siku tatu. Badria akaifungua kalibu kesho yake. Ngozi ya zimwi ilitoka ikivutika nyuzinyuzi za ute, ya manjano kama ngozi ya kuku aliyechemshwa. Shavuni kulikuwa na mnyoo mmoja uliomponyoka, umeganda kama mshipa. Alikimbilia uani, akatapika.

Mzee Kitwana alimkuta akitafuta mfuko wa kukitupia kinyago hicho. Akakichukua, akakigeuzageuza.

"Huyu ndiye," akasema.

"Mzee, mimi hata kukishika siwezi."

"Basi na watoto hawataweza."

Abbasi, aliyepangiwa kuwa zimwi, alikivaa mara moja kwenye mazoezi, akatokwa na vipele, akagoma. Mwingine aliyeyajua maneno ya zimwi alikuwa Badria peke yake, kwa kuwa ndiye aliyewakumbusha waigizaji walipokwama. Siku ya onyesho akajipaka mafuta ya nazi usoni, akakivaa.

Ndani kulikuwa na joto na majimaji. Mpira ulimgusa midomo. Alipofungua kinywa aungurume, nyongo ikampanda, na sauti iliyotoka haikuwa ya kuigiza. Watoto wa mbele walirudi nyuma wameziba pua, wakipiga mayowe ya hofu na furaha. Badria alimeza mara mbili, akaendelea mpaka mwisho.

Baadaye Mzee Kitwana alimfuata nyuma ya ukumbi, akaomba zimwi jike kwa ajili ya mwezi ujao. Badria alikuwa anajisugua uso kwa sabuni ya kufulia. Akamjibu kwamba atatengeneza, ila kwa udongo wa kununua, na wa kulivaa atafutwe mtu mwingine. Kisha akainamia ndoo tena, maana harufu ilikuwa bado imemkaa puani.