Kupitia Kwa

Katibu wa kamati watu walimwita Taratibu, na mwenyewe alidhani ni sifa. Kutwa alikuwa na neno hilo mdomoni: taratibu zinasema hivi, taratibu haziruhusu vile. Na kwa vile hata kutembea alitembea polepole, kama anayeogopa kuliamsha zulia, jina lilimkaa sawasawa.

Aliyembandika jina hilo ni mama wa masjala, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na tisa, ambaye alikuwa amepokea barua za kamati ile kwa miaka ishirini na miwili. Kamati ilikuwa ya bunge, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuiuliza serikali, fedha mlizopewa mmezifanyia nini? Swali zuri, hakuna ubishi. Tabu ni kwamba majibu yalikuja kwa barua, na barua zote zilipita kwa Taratibu.

Barua za wakubwa zilikuja kwenye bahasha za kahawia, zimeletwa na dereva, na zilijibiwa kabla chai haijapoa. Barua za wananchi zilikuja kwenye karatasi za daftari, zimekunjwa mpaka zinakaribia kukatika. Hizo zilipigwa muhuri wa IMEPOKELEWA, zikajibiwa kwa sentensi moja, "Suala lako linashughulikiwa," kisha zikawekwa trei ya chini zilale usingizi wa pono. Mwananchi akija dirishani kuulizia, Taratibu alimtazama juu ya miwani na kusema, "Kama haimo kwenye rejista, haijafika." Mzee mmoja aliwahi kumwonyesha risiti ya posta. Akaambiwa hayo ni mambo ya posta, akayamalizane na posta. Mtu mzima hovyo!

Jumatatu moja zilifika barua mbili za lifti moja.

Ya kwanza ilitoka kwa mganga mkuu wa hospitali kubwa, kurasa sita na viambatisho vinne. Ilisema lifti mpya "inafanya kazi kwa ufanisi mkubwa na imewaondolea wagonjwa adha ya ngazi." Mama wa masjala aliangua kicheko mpaka mpiga chapa wa chumba cha pili akaja kuchungulia kuna nini.

Yeye lifti ile aliijua. Mama yake mzazi alikuwa na kliniki ya presha kila mwezi, ghorofa ya nne, na magoti yake yalikwisha kugoma siku nyingi. Aliyempandisha ni kaka yake mama wa masjala, fundi seremala, tena mgongoni. Bibi kizee alimwita "lifti yangu". Wakifika ghorofa ya pili huwaambia watu wa kwenye ngazi, "Nipisheni, lifti yangu leo inahema." Watu hucheka, na fundi hucheka nao huku jasho linamtoka mpaka kwenye kope.

Barua ya pili ilisukumwa chini ya dirisha na mtu ambaye hakusubiri. Ilikuwa ya muuguzi wa hospitali hiyo hiyo.

"Mlango wa lifti upo," aliandika. "Lifti haipo. Mlango ukifunguliwa kuna ukuta na mifagio. Mwezi uliopita mama mjamzito alijifungulia kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mikononi mwangu. Mtoto hakupona. Nawaomba sana mganga mkuu asilione jina langu. Nina watoto watatu na mume wangu hana kazi." Chini aliandika jina lake lote na namba ya simu, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri na akaamini kuwa kuna faida.

Mama wa masjala hakuiandika kwenye rejista. Aliibeba mkononi mpaka kwa Taratibu.

Taratibu hakuisoma. Alitazama pembe ya juu tu, pale anwani inapokaa. "Huyu ni mtumishi au mwananchi?"

"Ni muuguzi, mzee. Soma hapa kwenye ngazi."

"Kwa hiyo ni mtumishi. Mbona sioni Kupitia Kwa? Barua ya mtumishi inapita kwa mkuu wake wa kazi. Mrudishie kupitia kwa mganga mkuu."

"Lakini anayemlalamikia ndiye huyo huyo mganga mkuu!"

"Basi mfanye mwananchi," alisema Taratibu, kwa ukarimu mkubwa. "Barua ya mwananchi tunaipeleka kwa anayelalamikiwa, atoe maelezo."

"Anayelalamikiwa si ndiye huyo huyo?"

"Ndiyo taratibu."

"Na nikilifuta jina?"

"Barua isiyo na jina inachanwa." Alimsukumia karatasi kwa ncha ya kalamu. "Itoke leo leo, mama. Alhamisi kamati inakaa, mganga mkuu anakuja, sitaki karatasi zinazozagaa."

Mama wa masjala alirudi mezani kwake na hasira. Ebo! Milango mitatu: miwili inafungukia chumba kimoja, na ndani amekaa mganga mkuu, na wa tatu unafungukia pipa la taka. Mtu kama Taratibu hata mwizi ana nafuu, alijiambia, maana mwizi walau anajua anafanya nini. Aliitia ile barua kwenye mkoba, chini ya kanga, akafunga zipu.

Jioni alipita kwa mama yake, akamkuta kaka mtu anapiga randa uani. Aliwaeleza anachotaka kufanya. Kaka aliweka randa chini.

"Dada, umebakiza mwaka mmoja tu ustaafu. Unataka kuumwaga unga wako mwenyewe kwa ajili ya mtu usiyemjua?"

"Mganga mkuu akilipata jina lake, yule binti hana kazi kesho yake."

"Na wewe je?"

Kusema kweli aliogopa. Pensheni ile ilikuwa ya kumtunza mama. Lakini bibi kizee alikuwa akisikiliza kutoka kitandani, na masikio yake, tofauti na magoti, hayakuwahi kugoma.

"Andika, mwanangu," alisema. "Na mimi niandike humo. Sema mama yangu amechoka kubebwa kama gunia."

Kesho yake, saa ya chakula, aliandika barua kwa jina lake mwenyewe. Hakumtaja muuguzi wala ngazi ya kujifungulia. Alieleza alichokiona kwa macho yake siku alizomsindikiza mama kliniki, tena kwa tarehe: mlango, ukuta, mifagio, mgongo wa kaka yake. Akaiomba kamati ikafungue mlango ule yenyewe. Juu, pale pembeni anapopapenda Taratibu, akaandika vizuri kabisa: Kupitia Kwa Katibu wa Kamati. Akaacha nafasi ya sahihi, akaitia katikati ya faili la barua za kusainiwa, akampelekea pamoja na chai.

Taratibu alisaini barua kumi na saba kabla kikombe hakijafika nusu. Kila alipoona Kupitia Kwa, aliandika "Inapelekwa kwa hatua," akasaini kwa madaha. Hii nayo aliisaini vivyo hivyo.

Alhamisi wabunge waliketi na biskuti zao. Mganga mkuu alisoma kuhusu ufanisi mkubwa, sauti imejaa, na wawili kati ya wabunge walikuwa wameshaanza kusinzia. Ndipo mwenyekiti alipofunua karatasi iliyofuata.

"Hapa kuna barua inasema lifti ni mifagio," alisema. "Imeletwa kwetu na katibu. Katibu, hii sahihi si yako?"

Taratibu aliisogeza miwani. Aliitazama sahihi yake kama mtu anayemwona mkwewe baa. "Ni... ni yangu, Mheshimiwa."

"Vizuri. Basi twendeni."

Walikwenda mchana ule ule. Mlango ulifunguliwa, mfagio mmoja ukaanguka nje, ukampiga mganga mkuu kwenye kiatu. Mwenyekiti, mtu wa kitambi cha heshima, akaamuru wote wapande mpaka ghorofa ya nne kwa miguu. Walipofika juu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuuliza swali.

Mganga mkuu hakuwa mjinga. Alijua karani wa bunge hawezi kuijua hospitali yake hivyo bila mtu wa ndani. Akamvuta Taratibu koridoni, na Taratibu, siku hiyo peke yake maishani mwake, alirudi ofisini mbio.

"Ile barua ya muuguzi! Jina lake nani?"

"Muuguzi gani, mzee?"

"Uliyoniletea Jumatatu! Nilikwambia uirudishe!"

Mama wa masjala alimfungulia rejista, akamgeuzia. Taratibu alipitisha kidole Jumatatu yote, juu mpaka chini, chini mpaka juu.

"Haimo," alisema.

"Basi haijafika," alisema mama wa masjala.

Taratibu aliifunga rejista. Jina lile lilikuwa mbele ya macho yake siku tatu zilizopita, na hakulisoma. Alijua kwamba mama huyu anajua hivyo. Akatoka bila kuufunga mlango.

Wiki iliyofuata ilikuja bahasha ya kahawia, imeletwa na dereva. Iliandikwa kwa mama wa masjala mwenyewe, kupitia kwa katibu: ajieleze ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Aliisoma yote, mara mbili, kwa sababu yeye alikuwa na tabia ya kusoma barua. Alimfikiria mama yake, na akafikiria mwaka mmoja uliobaki.

Kisha akachukua muhuri, akaupiga katikati ya ukurasa: IMEPOKELEWA. Chini yake akaandika, kwa mwandiko mzuri, "Suala lako linashughulikiwa." Akaiweka trei ya chini, akainuka kwenda kumfungulia dirisha mzee aliyekuwa amesimama nje na karatasi ya daftari mkononi.