Mapigo ya Mkimbiaji wa Nne

Swali la tano la mtihani wa biolojia lilikuwa na jedwali la mapigo ya moyo tuliyojipima wenyewe uwanjani. Mwalimu alificha majina, lakini mkimbiaji wa nne nilimtambua: ni mimi. Dakika moja baada ya mbio, mapigo sabini tu! "Eleza matokeo haya. Alama sita."

Siku ile moyo ulidunda hadi nikapoteza hesabu. Nikaogopa kuachwa kwenye timu ya mbio ya shule, nikabuni namba.

Mwalimu akasimama kando yangu. "Bingwa, mbona jasho? Leo hukimbii."

"Nakimbia, Mwalimu, ila sifiki."

Ningeusifu moyo huo wa chuma, alama zingekuwa zangu. Lakini tangu siku ile kifua kinanibana hata nikipanda ngazi. Nikaandika: "Namba hii ni ya uongo. Mkimbiaji huyu asikimbie kabla ya kumwona daktari."