Mbolea ya Kupandia Shingoni mwa Mkwe

Mzee Filemoni wa kijiji cha Yakobi alikuwa na mkwe mvivu wa kupigiwa mfano, Romani. Romani akienda shambani, jembe lilirudi safi kuliko lilivyotoka. Basi siku moja binti yake Janeth, mke wa Romani na mwalimu wa baiolojia, alisema mezani kwamba mwilini kuna vimeng'enya vinavyobandika fosfeti kwenye protini, na protini iliyolala huamka ikafanya kazi. Mzee hakungoja neno la pili. Fosfeti si ndiyo iliyomo kwenye mbolea ya kupandia? Alikwenda stoo, akaisaga kidogo, adabu ya ukwe akaiweka pembeni, akampaka Romani shingoni.

Romani aliinuka. Kufikia mchana ekari mbili za viazi zilikuwa tayari, na Filemoni anaimba pambio kwa furaha. Jioni Romani alikuwa amemaliza shamba la jirani na uwanja wa kanisa, akashika njia ya Makambako akichimba pembeni mwa barabara, hali wala halali.

Siku ya tatu Miraji, msafirishaji wa viazi huko Makambako, alipiga simu.

"Shikamoo mzee. Mkweo yuko huku, amekonda kama mpini. Watu wamepanga foleni awachimbie misingi na vyoo. Wahini, atakufa huyu!"

Baba na binti walidandia lori la mbao. Walipomkuta, Filemoni alimsugua shingo kwa maji, kwa sabuni, kwa gunzi. Unga haukutoka. Moyo ulimuuma sana. Alitaka shamba lilimwe, hakutaka kumfanya binti yake mjane.

"Baba, uliondoka sijamaliza," Janeth alisema. "Kinachobandika sicho kinachobandua. Viko vimeng'enya vingine, kazi yao kutoa tu. Bila hivyo protini haipumziki."

Akafuta mara moja kwa ncha ya kitenge. Romani akaangusha jembe, akaketi kwenye udongo, akaomba uji.

Jasho la aibu lilimtiririka mzee, na Janeth akamfuta naye shingoni. Kitenge kikatoka na unga mweusi, uliogandamana miaka na miaka.

"Nani alikupaka wewe, baba?"

Filemoni alikumbuka mkono wa marehemu baba yake shingoni, asubuhi alipopewa jembe, akiwa na miaka saba. Akaketi kando ya mkwewe, akaanza kulia kama mtoto.

Romani akamsogezea kikombe chake cha uji.

"Kunywa taratibu, baba. Leo hatulimi."