Pesa Badala ya Bata Mzinga

Serikali ya jimbo ilipobadilisha kodi ya mapato, sisi wa kiwanda cha kaa tulikata keki. Mwenye kipato cha mwaka kilicho chini ya mstari uliowekwa halipi kodi tena, anapewa fedha za kupunguza makali ya maisha, na mtoto wake anapata kadi ya dawa. Aliye juu ya mstari hapati hata kimoja. Ukiuvuka kwa dola moja au kwa elfu moja, ni yaleyale.

Mimi ndiye ninayeandaa mishahara. Nina diploma ya uhasibu na watoto watatu, kwa hiyo sina muda wa kuzungusha maneno. Niliwaambia wanawake wa kupasua kaa: kila mtu ajue amefikia wapi.

Léona Mazerolle alinielewa kuliko wote. Binti yake Maryse, wa miaka tisa, ana kisukari. Insulini, sindano, vipimo vya damu, vyote vililipiwa na kadi. Bila kadi vinakula pesa nyingi kuliko pango la nyumba. Baba wa mtoto alikwenda magharibi kwenye visima vya mafuta, na huko ndiko alikobaki.

Kila siku ya malipo Léona alikuja dirishani kwangu.

"Rolande, niko wapi?"

"Uko salama. Ila zamu za Jumamosi usiziguse."

"Hata bosi akipiga magoti?"

"Hata akilia."

Novemba ilipoanza aliweka kisu chini, akasema mgongo unamsumbua. Wenzake wakamvamia.

"Mgongo wa malkia huo!" alisema Huguette. "Sisi wa kwetu wa mbao, au siyo?"

Léona alicheka nao akaenda nyumbani. Mgongo wake haukuwa na lolote; alikuwa amebakiza kidogo kuufikia mstari.

Sasa, Adélard Savoie, bosi wetu, ni mtu mwema. Nasema hivyo bila kejeli. Tangu enzi za baba yake, kila Desemba kila mfanyakazi hupewa bata mzinga mzima aliyegandishwa. Mwaka ule mama yangu alivunjika nyonga, nikawa hospitalini naye. Niliporudi ofisini nilimkuta Adélard anang'aa kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Mwaka huu hakuna bata, Rolande. Nimewatumia dola mia tatu kila mmoja, moja kwa moja benki. Watu wana hali ngumu, wewe. Bata halipi umeme."

"Umezipitisha kwenye mishahara?"

"Kwani ningezipitisha wapi?"

Nilikaa hata koti sijavua. Bata ni zawadi, hakuna anayemhesabu. Pesa ni mapato, hata ukizifunga utepe mwekundu.

"Adélard, umemvusha Léona mstari."

"Mstari gani?"

Nikamweleza. Alinitazama kama ninamtania.

"Kwa vijisenti vile? Basi azirudishe, yaishe!"

Nilipiga simu ofisi ya kodi. Kijana aliyepokea alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichosha.

"Alilipwa, mama?"

"Alilipwa."

"Basi ni mapato yake ya mwaka huu."

"Akizirudisha?"

"Atakuwa amempa mwajiri wake zawadi."

Nikauliza kuhusu kuziweka kwenye akiba ya uzeeni, ili kipato kishuke. Akasema nafuu hii inaangalia kilicholipwa kabla ya makato yoyote. Nikauliza nani mwenye uwezo wa kubadilisha. Akasema hajui, lakini angeandika kwamba nimeuliza.

Léona mwenyewe alikuja na noti za zile mia tatu mkononi, theluji bado mabegani.

"Chukueni. Sikuziomba."

"Shoga, haisaidii."

"Nilikaa nyumbani majuma yote hayo, Rolande. Nilidanganya kuhusu mgongo wangu. Chukueni!"

Adélard alisimama mlangoni, uso umemwiva.

"Nisamehe, Léona. Mimi nilitaka tu... Nikununulie dawa za mwezi?"

"Na mwezi unaofuata, bosi?"

Kiwanda chenyewe kilikuwa na deni la boti na la jokofu. Mapato ya mwaka yalipopitiwa Januari, kadi ikafungwa. Dawa za mwezi huo Adélard alizilipa kweli, na za Februari pia, kisha akashindwa.

Msimu wa kaa ulipofunguliwa Léona alikuwa wa kwanza dirishani.

"Niandikie Jumamosi zote. Na zamu ya alfajiri, ile yenye nyongeza."

"Asubuhi nani atakuwa na Maryse?"

"Anajipima mwenyewe. Sindano pia anajua."

"Léona, ni mtoto."

"Unataka nikuambie nini, Rolande? Kama una njia nyingine, iseme."

Nikamwandika. Aliomba kitu kimoja tu: kwa kuwa simu haziruhusiwi penye kaa, Maryse apige ofisini kwangu kabla ya kwenda shule.

Alipiga Jumatatu ya kwanza. Sauti ndogo, ya adabu.

"Madame Rolande, mwambie mama sukari imepanda hadi kumi na nane."

Mimi hesabu ndiyo kazi yangu, na namba hiyo sikujua nifanye nayo nini. Nilimwambia asikate, nikakimbia hadi ukumbi wa kupasulia kaa bila kofia ya wavu. Mashine zilikuwa zinanguruma. Léona alikuwa ameshika kaa mikono yote miwili, na mkanda wa mashine unaendelea kuleta wengine.

"Anasema kumi na nane!"

Alifumba macho kidogo.

"Mwambie anywe maji, apime tena."

Nikarudi kwenye simu, nikamwambia.

"Vijiti vya kupimia vimebaki vitatu," alisema Maryse. "Mama alisema vifike Ijumaa."

Nikakimbia tena ukumbini, nikamwambia Léona. Aliangalia mkanda, akaangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi.

"Basi mwambie aende shule," alisema. "Hapana. Ngoja. Mwambie angoje."

"Angoje nini, Léona?"

Kaa walikuwa wanarundikana mbele yake. Akachukua kisu, akaendelea kupasua, na simu ya Maryse bado wazi ofisini kwangu.