Asiyekuwa na Mwenyewe

Sheria ya nne niliiandika mimi. Nasema hivyo mapema kwa sababu wengi kijijini kwetu Paipu bado wanadhani iliandikwa na Makokha, mwenyekiti wetu. Yeye ana makosa yake ya kutosha. Hili ni langu.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2000. Kijiji chetu kilikuwa kipya, saa moja kwa miguu kutoka Kitengela, ploti zilizokatwa juzijuzi katika malisho ya Wamaasai, na kila aliyenunua alikuja na wanyama wake na namna yake ya kuwafuga. Jioni moja punda aliyeachwa ovyo aliingia katika barabara ya Namanga. Lori lilimkwepa likapinduka, na watu wawili wakafa. Hakuna aliyejitokeza kusema punda yule alikuwa wake. Kamati ikakaa, ikakubaliana juu ya sheria saba za kufuga na kuchunga, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikapewa daftari. Ya nne ilisema hivi: Mnyama yeyote asiyekuwa na mwenyewe atakamatwa na kufungiwa katika zizi la kamati. Asipotolewa kwa siku saba, atauzwa.

Niliisoma mara tatu kabla ya kufunga daftari. Niliona iko sawa.

Nzisa, ambaye tulimwita Mama Makau, hakuwa kwenye kamati. Alikuwa mjane, na alikuwa na punda mmoja aliyeitwa Diwani kwa sababu alitembea katikati ya njia bila kumsalimia mtu. Kwa punda huyo Nzisa aliwapelekea watu maji, na kwa maji hayo yeye na mama yake, Muthoki, walikula. Mwaka ule mabwawa yalikauka na foleni ya kisima cha pampu ikawa ndefu kuliko mchana wenyewe. Ukiondoka umepoteza nafasi yako. Kwa hiyo Nzisa alimfundisha Diwani kwenda peke yake. Ilimchukua miezi miwili. Alimpakia mitungi minne, akampiga kofi moja la paja la nyuma, na Diwani akatembea kilomita mbili mpaka kwenye lango lao. Muthoki hakuweza kutembea mbali tena, nyonga zilikuwa zimeharibika, lakini alikuwa na mpira wa maji. Aliingiza ncha moja kwenye mtungi, akavuta kwa mdomo, maji yakateremka yenyewe hadi kwenye pipa. Kisha akamgeuza Diwani, naye akarudi kisimani na mitungi mitupu. Mara nne kwa siku. Sikuwahi kusikia ameingia kwenye mboga za mtu.

Mwezi wa saba Makokha alileta trekta lenye tangi la maji na kuanza kuuza nyumba hadi nyumba. Sikuona ubaya. Mtu ana haki ya kununua trekta.

Jumatatu moja mwezi wa tisa, Diwani alikamatwa katikati ya njia, mitungi imejaa mgongoni. Aliyemkamata ni Isaac, mlinzi wa zizi. Mimi nilikuwa kazini kwenye machimbo ya mawe, nikasikia niliporudi. Nilidhani ni kosa dogo, nikaenda kwa Makokha kulisahihisha.

"Punda wa Mama Makau amefungiwa," nikamwambia. "Nadhani Isaac hakumtambua."

"Alimtambua sana. Kwani punda alikuwa na nani?"

"Alikuwa peke yake. Huwa anaenda peke yake."

"Basi hakuwa na mwenyewe."

"Mwenyekiti, mwenyewe anajulikana na kijiji kizima."

"Kujulikana ni kitu ingine, kuwa naye ni kitu ingine." Akanisukumia daftari. "Soma. Si ni mkono wako?"

Nikasoma. Maneno yalikuwa yale yale, lakini sasa yalisema jambo ambalo sikuwa nimelisema. Nilikuwa nimefikiria mnyama ambaye hakuna mtu wa kumdai. Makokha alikuwa amesoma mnyama ambaye mtu wake hayupo kando yake. Karatasi ilikubali yote mawili.

Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Kwa siku mbili nilijiambia kwamba labda anaogopa lori jingine lipinduke. Nzisa alienda kwake Jumanne na mashahidi wawili, akaambiwa asubiri kikao cha Jumamosi. Nikajiambia kwamba kusubiri kikao ni utaratibu.

Alhamisi nilipita kwenye zizi, nikachungulia. Ndani mlikuwa na punda watano. Wote walikuwa na vipara kifuani, pale mkanda wa matandiko ya mitungi unaposugua. Punda wa maji, wote. Hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na mbuzi, hapakuwa na mbwa hata mmoja. Nyuma yangu, kando ya njia, maksai wanne wa Makokha walikuwa wanakula majani ya ua wa mtu, na hapakuwa na binadamu karibu nao. Nikaangalia hori. Lilikuwa kavu, limepasuka chini, na nyigu waliokufa walikuwa ndani yake.

Sijui kugombana, sikufundishwa. Hasira ilinijia polepole kama mzigo unaoongezwa jiwe kwa jiwe, na kila jiwe nililiangalia kwanza nikaona ni la kweli. Nikamuuliza Isaac wanyama wanakunywa nini.

"Trekta lilileta Jumanne," akasema.

"Leo ni Alhamisi."

"Mimi si trekta, karani."

Jumamosi tulikutana mbele ya kanisa la mabati. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Makokha aliketi mezani, mimi kando yake na daftari. Nzisa akasimama, akaeleza mambo yake vizuri, bila kupandisha sauti: punda ni wake, anafahamika, amefundishwa, hajaharibu kitu cha mtu. Akaomba apewe.

"Siku ya Jumatatu ulikuwa wapi?" Makokha akauliza.

"Kwa laini ya maji."

"Na punda?"

"Alikuwa njiani anaenda nyumbani."

"Na wewe uko kwa laini." Akawageukia watu. "Sheria inasema asiyekuwa na mwenyewe. Mimi si ndiye nimeandika. Karani, ni nani ameandika?"

Nikasimama. "Ni mimi. Na nilimaanisha mnyama asiye na mtu wa kumdai. Sikumaanisha kingine, na kamati haikuzungumza kingine siku ile. Uliniambia niandike mnyama aliyetupwa. Nikaona neno hilo si zuri, nikaandika hivi."

"Hatuwezi kusoma roho yako, Munguti. Tunasoma karatasi."

Wengine wakacheka. Ndipo Mzee Parmuat, aliyekuwa ameegemea fimbo yake pale mbele, akainua mkono. Ploti nyingi pale zilikatwa kutoka katika ardhi ya ndugu zake, na watu walimsikiliza.

"Mwenyekiti, sopa," akamsalimia kwa Kimaasai.

"Ipa, mzee."

"Mimi Kiswahili ni ya kununua, sikuzaliwa nayo. Unisaidie. Mimi niko na ng'ombe, ama siko nayo?"

"Uko nayo. Nyingi."

"Iko wapi?"

"Si iko malishoni."

"Na mimi niko hapa. Sasa niko nayo, ama siko nayo?"

Kicheko kikaanza nyuma. Makokha akatabasamu kidogo. "Mzee, usinichezee."

"Sichezi, ni lugha nauliza. Wewe uko na bibi?"

"Niko na yeye."

"Simwoni hapo mezani."

"Si unajua yuko nyumbani, Bungoma."

"Ooo. Basi wewe huko na bibi. Unatudanganya."

"Na bibi hana mwenyewe," mama mmoja akadakia. "Isaac, chukua kamba, gari la Bungoma linatoka saa nane."

Watu walivunjika mbavu. Hata Isaac aligeuza uso. Mimi pia nilicheka, nakiri, kwa sababu nilidhani mambo yamekwisha. Mtu aliyechekwa namna ile hawezi kuendelea, nilifikiri. Makokha alingoja. Alikunja mikono mezani akangoja mpaka wa mwisho akanyamaza.

"Mmemaliza? Vizuri. Bibi si mnyama, na sheria hii ni ya wanyama. Mnada ni Jumatatu saa nne. Kikao kimefungwa."

Hapo ndipo Nzisa alipopandisha sauti. Hakupiga kelele, lakini sauti yake ilifika mpaka barabarani.

"Mmecheka vizuri," alisema. "Mzee Parmuat, asante, umewafurahisha. Sasa aniambie mmoja wenu Diwani amekunywa nini tangu Jumatatu."

Watu wakageuza nyuso kuelekea zizi.

"Kuna maji huko," mtu akasema.

"Nani ameyaona? Wewe umeyaona?"

Mtu yule akaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeona hori kavu siku mbili kabla, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote ila mlinzi. Nilikuwa nangoja kikao. Nikaona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo.

Nzisa aliokota mtungi wake wa maji uliokuwa chini ya kivuli cha kanisa akaanza kutembea. Nikaacha daftari mezani nikamfuata.

Zizi lilikuwa nyuma ya duka la Makokha, nguzo na seng'enge, na gogo la kufungia mlango. Isaac alikuwa ametangulia mbio, akasimama mbele ya gogo.

"Mama, hakuna kuingia. Ni sheria."

"Sheria gani?" nikamuuliza.

"Si ni wewe unazijua."

"Nazijua. Ziko saba. Hakuna inayosema hivyo."

Nzisa hakumngoja Isaac ajibu. Alipitisha mtungi chini ya waya, kisha akapita yeye, seng'enge ikamrarua rinda begani. Punda mmoja alikuwa amelala na hakuinua kichwa. Diwani alisimama kwenye kona, midomo imepasuka. Matandiko ya mbao yalikuwa bado mgongoni mwake. Tangu Jumatatu hawakuwa wamemvua. Mitungi yake minne ilikuwa imepangwa vizuri kando ya kibanda cha Isaac, na yote ilikuwa mitupu.

Nzisa aliiona mitungi, akamwangalia Isaac, na sijawahi kumwona mtu akiangaliwa hivyo.

"Ulioga maji yangu?" akamuuliza.

Isaac akaegemea gogo.

Nzisa akamimina maji kwenye kiganja, akamlambisha Diwani, kidogo, kisha akampa tena kidogo. Alijua kwamba mnyama aliyekauka hapewi maji yote kwa mara moja. Alipomaliza robo ya mtungi akampelekea yule aliyelala. Kisha akarudi, akaweka mkono juu ya shingo ya Diwani.

"Karani, nisomee hiyo sheria yako."

"Nimeacha daftari."

"Hata bila daftari."

Niliijua. "Mnyama yeyote asiyekuwa na mwenyewe atakamatwa."

"Huyu sasa yuko na nani?"

Nilielewa alikokuwa anaenda. "Yuko na wewe."

"Isaac, umesikia? Yuko na mwenyewe, ananishika, namshika. Anafungwa kwa sheria gani? Fungua."

"Mwenyekiti atanifuta kazi, mama."

"Basi nitakaa hapa. Jumatatu saa nne mtatuuza wawili."

Wakati huo Makokha alikuwa amefika, na nyuma yake Parmuat na watu kadhaa wa kikaoni. Wenye wale punda wengine wanne walikuwa miongoni mwao. Wa kwanza wao alikuwa Priscilla. Aliinama akapita chini ya waya, akaenda kuketi chini kando ya punda aliyelala. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kila mtu kwa mnyama wake.

Makokha alinyoosha daftari kwangu. Jasho lilikuwa linamtoka. "Andika majina yao. Wamevunja zizi."

"Hakuna sheria ya kuvunja zizi."

"Basi andika ya nane."

"Andika mwenyewe."

Sikuongeza sauti. Nadhani hata Isaac aliyekuwa karibu hakusikia vizuri. Lakini daftari sikulipokea. Nikamwambia mengine pia, sasa kwa sauti. Nikamwambia kwamba nilihesabu punda watano, wote wa maji. Nikamwambia maksai wake walikuwa wapi Alhamisi saa kumi, na ua wa nani waliula. Nikamwambia kuhusu nyigu kwenye hori. Niliyasema kwa mpangilio, moja baada ya jingine, na watu wakayasikia.

"Umemaliza kazi kwenye kamati hii," akasema.

"Ndiyo."

Parmuat alimsogeza Isaac kwa bega, taratibu, kama mtu anayepita mlangoni, akashika gogo upande mmoja. Isaac alimtazama Makokha, akaitazama ile mitungi mitupu, kisha akashika upande wa pili.

Punda wanne walitoka kwa miguu yao. Wa Priscilla hakuinuka, na jioni alikufa palepale, Priscilla akiwa kando yake. Hilo sitaki lisahaulike watu wanaposimulia kisa cha bibi wa Bungoma na kucheka.

Nzisa alifungua mikanda ya matandiko. Yalipobanduka, ngozi ilitoka nayo, na Diwani akatikisika mwili mzima. Nzisa alinipa matandiko yale nishike. Yalikuwa mazito kuliko nilivyodhani, na upande wa chini yalikuwa yameloa.

"Usifikirie nimesahau ni nani aliandika," akaniambia.

"Sifikirii."

"Neno moja tu ungeongeza. Anayejulikana. Ama hukuliona?"

"Sikuliona."

"Ungeniuliza. Mimi niko na punda. Wewe uko na kalamu tu."

Akashika kamba akaanza kumwongoza nyumbani, akisimama kila Diwani aliposimama. Mimi niliweka matandiko begani nikawafuata, kilomita zote mbili, na hakunigeukia hata mara moja.