Ushahidi wa Mtani

Baba yangu aliambiwa kwamba ni mtoro wa vita akiwa na miaka sitini na nane, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mimi nimesimama nyuma yake. Akacheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wateja wa genge langu la mboga pale Chanika wanalijua hilo. Anayebonyeza nyanya zangu zote halafu akanunua moja hahitaji kuuliza nitamwambia nini.

Baba anaitwa Venance Mbano, Mngoni wa Songea. Mwaka ule wa vita ya Uganda alikuwa mgambo, kijana asiyejua hata ziwa linafananaje. Walichukuliwa vijijini, wakafunzwa harakaharaka, wakapelekwa Kagera, wakavuka mto. Vita ilipokwisha wakarudishwa makwao kwa ngoma na hotuba, na baadaye wenzake wakaanza kuitwa kupewa nishani. Yeye hakuitwa. Kila alikouliza alijibiwa kwamba majina yanatoka kwa awamu. Mama yangu, Eufrazia, amekufa akiziamini hizo awamu. Alimnunulia koti la kijivu, akalitundika kabatini na kumkataza kulivaa hata Krismasi, kwa sababu lilikuwa la siku ya nishani.

Mwaka jana likatoka tangazo kwamba kumbukumbu za waliopigana zinahakikiwa, na mwenye dosari aende akaeleze. Ofisi yenyewe siitaji, maana waliomo leo hawana kosa. Tulipokelewa na Luteni Felicitas, binti mpole mwenye miwani, akatuletea viti viwili kwa mikono yake mwenyewe, ingawa mimi nilikataa kukaa. Akafungua jalada, akasoma kwa macho. Kisha akamtazama baba na kusoma kwa sauti.

"Mgambo Venance Mbano hakuwepo wakati wa kuhesabiwa. Koplo Gaspar Kihwele, majeruhi, anasema mtu huyu alikimbia aliposikia mzinga wa kwanza, na kwamba atapatikana Songea chini ya kitanda cha mama yake."

Hapo ndipo baba alipocheka. Alijipiga kofi gotini. "Gaspar," akasema. "Mhehe yule."

Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako, atabeba kuku wako na kuondoka naye, na wewe huna ruhusa ya kununa. Anayenuna ndiye mwenye aibu. Sasa koplo wa Kihehe kalazwa kwenye machela, mvua inanyesha, karani mgeni kikosini anapita na daftari anauliza Mbano yuko wapi. Mhehe akiulizwa habari za Mngoni atajibu nini? Akajibu kama Mhehe. Karani akaandika alichosikia, akaenda kwa majeruhi mwingine. Alidhani amemuuliza shahidi, kumbe kamuuliza mtani.

Baba akarudi kikosini jioni ileile, akapigana hadi mwisho, akaagwa na wenzake. Lakini karatasi ilikwishatangulia, na hakuna aliyeifuata.

"Inarekebishika?" nikauliza.

"Inarekebishika, dada," akasema Luteni. "Ila aliyetoa maelezo aje mwenyewe, aape, ayafute kwa mdomo wake. Yupo hai?"

"Yupo Goba," akasema baba. "Figo zimemwisha. Lakini mdomo bado mzima."

Alicheka mpaka getini. Nje alijaribu kufunga vifungo vya shati vilivyokuwa vimefunguka, vidole vikawa havimtii, nikamfungia mimi.

Jumamosi iliyofuata hakwenda kwenye kikao cha wastaafu wenzake pale Gongo la Mboto. Wala Jumamosi ya pili. Nilipomuuliza akasema mtoro anakaaje katikati ya watu waliobaki. Alilisema taratibu, akiwa anawamwagia kuku maji, na mimi niliingia jikoni nikalia, kwa sababu sijawahi kumwona baba yangu akijionea haya. Nishani haina mshahara ndani yake. Alichotaka ni kukaa na wenzake bila kuinamisha kichwa, basi.

Nikasema tunakwenda Goba. Akagoma.

"Utaenda kumnunia mtani? Mtani hakasirikiwi, Herieth."

"Mie sijakasirika, baba."

"Umeshika kisu."

Nilikuwa nakata mchicha. Nikakiweka chini.

"Na yeye anajuaga kwamba hukupewa nishani?" nikauliza.

Akachukua mchicha akaanza kuuchambua, nikaelewa kwamba Gaspar hajui. Miaka yote hiyo wametembeleana, wamezikiana, Gaspar amevaa yake kila sherehe na kumuuliza Mngoni kama yake kaiuza kilabuni, na baba akajibu kwamba ipo nyumbani, hataki kuichakaza kwa kuwaonyesha Wahehe. Alificha kwa sababu kusema kungekuwa kulalamika, na mtu halalamiki kwa mtani. Nikaona hizi mila nazo nyingine ni za kumuua mtu taratibu, nikamwambia avae viatu.

Kutoka Chanika hadi Goba unavuka jiji zima, na ukifika unapanda mlima. Baba alisimama mara kadhaa akijifanya anatazama nyumba mpya za watu. Clara, binti wa mzee Gaspar, akatufungulia na kumwamkia baba shikamoo. Baba yake alikuwa kakaa kibarazani na blanketi magotini, amekonda, mkono umevimba pale wanapomchoma sindano za kusafishia damu.

"Mngoni," akasema. "Bado hujafa?"

"Nitakufaje kabla sijakuzika?"

"Na mke wangu umemleta. Afadhali. Huyu Clara anapika kama jela."

Mke wake wa utani ni mimi. Nami ni Mngoni, kwa hiyo nilipaswa kumjibu kwamba sijaja kuolewa na mifupa, au neno lolote la namna hiyo. Yalinijia matano. Badala yake nikamwamkia kwa heshima, nikapiga magoti kabisa, na nilipoinuka nikamweleza kila kitu. Nilieleza kuhusu jalada, karani, koti la kijivu na Jumamosi. Sauti yangu ilipanda, baba akawa ananivuta kitenge, nami sikunyamaza.

Mzee Gaspar alisikiliza huku tabasamu likiwa bado limebaki usoni, limesahaulika pale. Nilipomaliza likaondoka.

"Waliandika?" akauliza.

"Waliandika, mzee."

"Yale ya kitandani kwa mama yake?"

"Yote."

Akamtazama baba. Baba akageukia bondeni. Clara akaleta chai, ikapoa mbele yetu, na wazee wale wawili ambao sijawahi kuwaona wakikaa dakika moja bila kutukanana walikaa kimya hadi mimi nikaanza kujuta. Kisha mzee Gaspar akasema kesho ni siku yake ya mashine, keshokutwa atakuwa na nguvu kidogo, twende.

Tulikwenda. Clara alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Luteni Felicitas akamwapisha, akachukua kalamu, akauliza swali lake sawasawa kabisa: "Mzee Kihwele, je, Venance Mbano alitoroka vitani?"

Mzee Gaspar akafungua mdomo. Akamtazama baba, aliyekaa wima ndani ya shati lake la Jumapili.

"Sasa binti," akasema, "kutoroka unahitaji mbio. Mngoni huyu, kwa miguu hii, angetorokaje?"

Kalamu ikaanza kuandika. Nikaruka. Nikamwomba Luteni asiandike, kwa jina la Mungu asiandike chochote kwanza, na nikamgeukia mzee yule nikamwambia kwamba mara ya kwanza utani wake ulimgharimu baba yangu nusu ya maisha, je, anataka na nusu iliyobaki? Baba akasema, "Herieth." Sikumsikiliza.

"Siwezi," akasema mzee Gaspar. "Sio kwamba sitaki, mwanangu. Akiwa amekaa pale siwezi. Ulimi haukubali. Mtoeni nje huyu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu. Luteni, ambaye sijui ni kabila gani lakini alielewa, akamwomba baba akapumzike kwenye benchi la nje. Mlango ukafungwa. Mzee Gaspar akavuta pumzi.

"Nilipigwa risasi ya paja," akaanza. "Tulikuwa tumeambiwa turudi nyuma, na kila mtu alirudi, mie nikabaki kwenye majani nikisubiri kufa. Huyo akanirudia. Hakuamriwa na mtu. Alinibeba mgongoni mpaka kwenye machela, akavua shati lake akanifunga jeraha, akasema anarudi kumchukua Isack, kijana mwenzetu, maana Isack alikuwa analia na kumwita mama yake. Nilimkataza. Akaenda bila shati. Karani akapita wakati huohuo akauliza Mbano yuko wapi."

Luteni akageuza ukurasa.

"Mie nilijua harudi. Nilijua nimemuona mwisho. Ningejibu kweli ningelia mbele ya askari wangu, nami koplo. Basi nikafanya utani. Andika hivyo. Andika kwamba hakukimbia, kwamba sijawahi kuona mtu jasiri kama yule, na watoto wangu wote wanne nimewazaa kwa sababu ya mgongo wake."

Clara alikuwa amefunika uso kwa kanga. Mimi, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, sikuwa na hasira hata chembe, nikaona aibu kwa magoti yangu yale ya uongo pale kibarazani.

Aliweka dole gumba, maana mkono ulikuwa hauwezi kalamu. Halafu akaninyooshea kidole.

"Hayo usimwambie nikiwa hai. Atanicheka mpaka kaburini."

Nje baba akauliza, "Kasema nini?"

"Kasema wewe ni mwoga," nikamjibu, "lakini sio mtoro."

"Ndiyo zao," akasema baba, akaridhika.

Marekebisho yalichukua muda wake, kama yanavyochukua. Barua ilipokuja ilikuwa fupi, inasema maelezo ya awali yamefutwa baada ya ushahidi, na mhusika anastahili. Baba alivishwa nishani akiwa ndani ya koti la kijivu, ambalo sasa lilimpwaya mabegani. Siku hiyohiyo akanilazimisha tupitie hospitali, kwa kuwa mzee Gaspar alikuwa amelazwa. Alisimama miguuni pa kitanda, kifua mbele.

Mzee Gaspar akafumbua jicho moja. "Umeazima kwa nani?"

Baba alicheka hadi nesi akaja kutuonya. Jumamosi akarudi Gongo la Mboto, akakaa safu ya mbele, akachelewa kurudi nyumbani. Mimi nilikaa genge hadi giza nikimsubiri, nikiwa na furaha, na nadhani siku ile hata wabonyeza nyanya walipona.

Mzee Gaspar alifariki kabla ya Pasaka. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe Goba, asisafirishwe, na kwamba Mngoni asikose. Wahehe wenzake walijaa, na kila mmoja alimwangalia baba alipoingia na koti lake na nishani yake, kwa kuwa msiba bila mtani unakuwa mzito mno. Walijua atafanya jambo, wakawa wanamsubiri, wengine tayari na tabasamu.

Jambo lenyewe alilifanya makaburini. Padri alikwishamaliza, vijana wameshika kamba, na baba akapita mbele akalaza fimbo yake juu ya jeneza.

"Simameni. Huyu hana ruhusa."

Watu wakaanza kucheka chinichini. Clara naye akacheka, na macho yake mekundu.

"Mie niliandikwa mtoro kwa mdomo wa huyu," akasema baba. "Nikakaa nao utoro huo mpaka mvi. Haya, leo mtoro ni nani? Karani yuko wapi? Njoo na daftari lako uandike. Koplo Gaspar Kihwele hakuwepo wakati wa kuhesabiwa. Mngoni yupo, anaonekana, yeye hayupo. Ametoroka. Andika, ametoroka, na atapatikana..."

Kicheko kilikuwa kimepanda. Watu wakasubiri amalizie, wajue Mhehe atapatikana chini ya kitanda cha nani. Baba akafungua mdomo, akaufunga. Akarudia, "Atapatikana," na sauti ikakatika. Kicheko kikafa kidogo kidogo, toka mbele hadi nyuma.

Nikaenda nikamshika kiwiko. Mzee Gaspar hakuwa hai tena, kwa hiyo sikuwa navunja ahadi ya mtu. Nikamsogelea baba sikioni nikamwambia aliyoyasema siku ile mlango ulipofungwa. Nilimwambia habari ya shati, na Isack, na hofu kwamba harudi, na utani uliotoka mahali pa kilio, na watoto wanne. Nilimwambia neno jasiri kama lilivyosemwa.

Baba alisikiliza akilitazama jeneza. Machozi yalimshuka hadi kwenye kola ya koti la mama, hakuyafuta.

"Mwongo," akasema. "Mhehe hajawahi kusema kweli."

Akaondoa fimbo. Vijana wakaanza kulegeza kamba, udongo ukaanza kwenda, na wanawake wakaanza wimbo. Baba akainama tena, sikio lake karibu na mdomo wangu.

"Hebu rudia," akasema.